Upande B hauchezi

DVD inayocheza pande zote mbili ilikuwa wazo baya tangu ilipotoka kiwandani. Nasema hivyo nikiwa mtu niliyekula kwa kukodisha CD na DVD hapa Dodoma, Chang'ombe, kwa miaka mingi, kabla watu hawajahamia kwenye flashi na baadaye kwenye simu. Duka lile sasa ni steshenari, natoa fotokopi na kuuza madaftari, lakini mzigo wangu wa zamani sikuutupa. Uko chumba cha nyuma, kwenye makasha, na mwaka huu nimeamua kuupitia wote na kuuhamishia kwenye kompyuta ungali mzima. Kazi inakwenda vizuri mpaka nikutane na diski ya pande mbili. Hapo ndipo jioni nzima inapopotea.

DVD ya kawaida, ile ambayo upande mmoja una picha na majina na upande wa pili unang'aa, sina ugomvi nayo. Nyingi kati ya zile nilizonunua mwaka 2004 na 2005 zinacheza mpaka leo, hata zenye mikwaruzo. Ninayoilalamikia ni ile ambayo ukiitazama huku inang'aa, ukiigeuza kule inang'aa, na kilichoandikwa ni herufi ndogo zimezunguka tundu la katikati, ambazo usipoipeleka dirishani huzisomi.

Kwa wasiowahi kuzishika, nieleze ilivyo. DVD ina unene wa milimita 1.2, lakini si kipande kimoja. Ni vipande viwili vya plastiki, kila kimoja milimita 0.6, vimebandikwa kwa gundi. Kwenye DVD ya kawaida yenye upande mmoja na tabaka moja, kipande kimoja ndicho chenye data, kile kingine kipo kukamilisha unene na kubeba maandishi. Tabaka moja linabeba gigabaiti 4.7, ambazo ni kama dakika 133 za picha. Watengenezaji wakajiuliza: kama kipande cha pili kipo tu, kwa nini nacho kisibebe data? Ikapatikana diski ya gigabaiti 9.4, ile inayoitwa DVD-10. Baadaye wakazidisha, kila upande ukawekewa matabaka mawili, ikawa DVD-18 yenye gigabaiti kama 17. Sizoni nzima ikaingia kwenye diski chache, boksi likawa jembamba, mzigo ukawa mwepesi. Faida ile ilibaki kwao. Hasara tuliibeba sisi wenye deki.

Nianze na jambo linaloonekana dogo: alama. Dukani kwangu kila diski ilikuwa na namba yake, nimeiandika kwa maka peni upande wa maandishi, na jina la duka kwa kifupi. Mteja akirudisha, natazama namba, natazama daftari, najua ni yangu na ni ya nani. Diski ya pande mbili utaiandika wapi? Ukiandika upande A umeharibu A, ukiandika B umeharibu B. Stika ndiyo usiseme kabisa, diski inazunguka kwa kasi, stika inaivuta upande mmoja na ikibanduka ndani ya deki umemkosesha mtu deki yake. Pakabaki pale kwenye pete ya katikati tu, penye uwazi usiozidi upana wa ukucha, na hapo tayari wenyewe wameshajaza herufi zao. Nilikuwa naandika namba kwa kalamu nyembamba kabisa, na baada ya kushikwashikwa na wateja ilifutika. Wajanja wakajua. Nikawa narudishiwa diski ambayo si yangu, iliyochakaa, na yangu nzima imebaki kwa mtu.

Halafu malalamiko. "Dada, hii CD yako mbovu, inaishia njiani." Haikuwa mbovu. Sinema ndefu ilikuwa imekatwa nusu kwa nusu, nusu ya pili iko upande wa nyuma, na hakuna kitu kwenye skrini kinachomwambia mtu ageuze ila sentensi ya Kiingereza inayopita haraka. Mama mmoja wa Chang'ombe, mtu mzima, alikuja asubuhi na mapema, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniwekea diski juu ya kaunta: "Mwanangu, tumekaa na wajukuu mpaka saa sita usiku tunangoja mwisho. Sinema gani haina mwisho?" Nilimrudishia mia tano yake na kumpa aendelee nayo siku nyingine, nikamwonyesha jinsi ya kuigeuza. Alikuwa na haki. Mtu ametoa pesa yake, amekusanya familia, amewasha deki, hakupaswa kuhitaji fundi wa kumwambia hadithi imehamia mgongoni.

Na kuna zile ambazo pande zote mbili ni sinema ileile. Upande mmoja picha pana, yenye mistari myeusi juu na chini, upande wa pili picha imejaza TV za kichogo za wakati ule. Zilitoka sana Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000. Mteja akiiweka upande wa picha pana anakuja kusema picha imekatwa, kumbe upande ule ndio wenye picha kamili, na ule unaojaza skrini ndio uliokatwa pembeni.

Kujua upande gani unacheza nako ni kazi. Leza inasoma kutoka chini. Kwa hiyo kwenye diski nyingi, herufi unayoiona juu ndiyo inayotaja data iliyo chini: ukiona A imekutazama, ndiyo A itakayocheza. Ni sawa na DVD ya kawaida, maandishi juu, data chini. Lakini nimeshika diski ambazo zimepangwa kinyume, A unayoiona ndiyo data ya A yenyewe, hivyo uilaze kifudifudi. Hakuna njia ya kujua ila kujaribu. Na kila kujaribu ni kuitoa kwenye trei, kuigeuza, kuirudisha, na kila ukiigeuza kuna kidole kimegusa mahali kisipotakiwa.

Hapo ndipo wengi huniambia: mbona kanda tuligeuza? Ni kweli, sisi wa kizazi cha kaseti tulizoea. Taarabu upande A, unamaliza, unageuza, upande B, na hapakuwa na tatizo. Ila utepe wa kaseti ulikuwa umekaa ndani ya ganda lake. Ukigeuza unashika ganda. DVD huna ganda la kushika, unashika mwili wenyewe, na kwenye diski ya pande mbili mwili wote ni jicho.

Nimetaja kidole kwa sababu wengi hawajui kwa nini DVD inasumbuliwa na uchafu. CD ya muziki ina data yake juu kabisa, chini ya rangi na maandishi, ndiyo maana CD ikikwaruzwa upande wa maandishi imekwisha. Lakini kwa upande wa chini leza inapita kwenye unene wote wa plastiki kabla ya kufikia data, kwa hiyo vumbi lililo juu ya uso liko mbali na pale leza inapolenga, na halisumbui sana. DVD data iko katikati. Plastiki ya kupita ni milimita 0.6 tu, nusu ya ile ya CD. Na mistari ya data imebanana: kwenye CD kutoka mstari mmoja hadi mwingine ni mikromita 1.6, kwenye DVD ni 0.74. Waliijua shida hiyo, wakaipa DVD mbinu kali zaidi ya kusahihisha makosa, na kwa DVD ya kawaida mbinu hiyo inatosha. Unailaza juu ya meza maandishi yakiwa chini, hakuna kinachoharibika. Ya pande mbili huilazi popote. Ukiiweka mezani, upande mmoja umekula vumbi la meza. Ukiiacha kwenye trei ya deki yenye mchanga, vilevile.

Na hapa ni Dodoma. Sisi mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, na baada ya hapo ni ukavu. Ikifika Julai na Agosti upepo unabeba vumbi jekundu mpaka ndani ya kabati lililofungwa. Nafuta kaunta asubuhi, saa nne naandika jina langu juu yake kwa kidole. Vumbi lile si unga laini, lina chembe za mchanga, na ukilifuta kwenye diski kwa kanga kavu umechora diski. Mtu wa Tanga au Dar atasema nimezidisha. Aje akae Nkuhungu mwezi wa nane.

Kusafisha nimefundisha watu wengi, na nitarudia hapa kwa sababu bado naona vijana wanafuta kwa kuzungusha. Usizungushe. Data imejipanga kwa kuzunguka, kuanzia katikati kwenda nje. Mkwaruzo unaofuata mzunguko unafuta data mfululizo, deki haina pa kushika ili ikisie kilichopotea. Mkwaruzo unaokata kutoka katikati kwenda ukingoni unagusa kila mzunguko kidogo tu, na hapo mbinu ya kusahihisha makosa inafanya kazi. Kwa hiyo maji safi, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini cha pamba, unafuta moja kwa moja kutoka tundu la katikati kuelekea nje, unaiacha ikauke imesimama. Wale wa kupaka dawa ya meno ili kung'arisha mkwaruzo, kwa diski ya kawaida wakati mwingine inasaidia. Kwa ya pande mbili ni hatari, maana unapobonyeza upande huu ule mwingine umekandamizwa chini. Mimi naikunjia kanga iliyofuliwa mara nyingi, nailaza juu yake, nabonyeza kidogo sana, na bado roho haitulii.

Lakini uchafu ni nusu ya habari. Nusu nyingine haifutiki, na ndiyo inayoniuma.

Baba yangu ni mstaafu wa reli. Amefanya kazi stesheni za reli ya kati, hii iliyofika Kigoma mwaka 1914, Dodoma, Manyoni, mpaka Tabora, na treni kwake ni kama mifugo kwa Mgogo, anazijua kwa sauti. Dada yangu mkubwa alipokuwa masomoni Marekani alimtumia boksi la mfululizo wa treni za mvuke za dunia. Diski zote za pande mbili. India iko huku, Ulaya iko kule, na diski ya nne upande B ni Afrika Mashariki, zile injini za reli ya mita moja alizozikuta akiwa kijana mdogo anaanza kazi. Tulikuwa tunaiweka Jumapili baada ya kanisa. Anaisimamisha kwa rimoti, ananyanyuka mpaka karibu na TV, ananionyesha mahali ambapo mtu wa kuchochea moto anasimama, anaeleza joto lilivyokuwa.

Siku hizi diski ya nne upande A inacheza yote. Upande B deki inazungusha, inatoa ule mlio wa kutafuta, krr, krr, inanyamaza, inazungusha tena, halafu kwenye skrini NO DISC. Wakati mwingine inakubali, menyu inatokea, treni inaanza kuondoka, halafu picha inavunjika vipande vya mraba na kuganda. Baba hakasiriki. Ananiambia, "Mama, igeuze tena, labda iko upande siyo." Naigeuza ingawa najua iko upande sahihi.

Nilipoipeleka dirishani na kuiinamisha kwenye mwanga niliiona sababu. Ukingoni kabisa, upana kama wa kidole gumba, kuna wingu jeupe jeupe ndani ya diski. Juu ya uso hakuna kitu, ukipitisha ukucha ni laini. Ni ndani, kwenye gundi. Vile vipande viwili vimeanza kuachana, hewa imeingia katikati, na hewa ikifika kwenye lile tabaka jembamba la metali linaloakisi leza, metali inaanza kuharibika. Hiyo hutaisafisha kwa sabuni wala dawa ya meno.

Kwa nini hizi zaidi ya zile za kawaida? DVD ya kawaida nayo ina gundi, ni kweli, nayo huachana. Lakini fikiria DVD-18. Kila upande una matabaka mawili ya data, la kwanza linaakisi nusu nusu ili leza iweze kulipita na kufikia la pili. Kuitengeneza kulikuwa kugumu kuliko diski nyingine zote za DVD, na viwandani nyingi zilitoka na kasoro. Ndiyo maana kampuni kadhaa zilizouza sizoni za TV kwa mtindo huo zilikuja kuzitoa upya kwenye diski za upande mmoja.

Tabaka la nusu nusu lina gharama nyingine. Upande wenye tabaka moja unarudisha mwanga kati ya asilimia 45 na 85. Wenye matabaka mawili unarudisha kati ya 18 na 30 tu. Deki mpya inamudu. Deki iliyokula vumbi la Dodoma miaka kumi, lenzi imechoka, inaona giza. Kwa hiyo mtu ana deki inayocheza kila kitu, akiweka diski hii inagoma, anahitimisha kuwa diski ni mbovu, au anakwenda kununua deki nyingine. Na mara nyingi tatizo ni hao wawili kwa pamoja: diski dhaifu imekutana na lenzi dhaifu.

Kuna kitu nimejifunza kwa kutazama zinapokwama, na sijaona watu wakikisema. Diski inasomwa kutoka katikati kwenda nje, na uharibifu wa gundi mara nyingi huanzia ukingoni. Upande wenye tabaka moja, kama umejaa, ukingo ndio mwisho wa sinema. Basi hiyo inacheza vizuri saa nzima na nusu halafu inakufia kwenye dakika za mwisho. Upande wenye matabaka mawili ni tofauti, leza inakwenda nje kwenye tabaka la kwanza, ikifika ukingoni inahamia tabaka la pili na kurudi ndani. Kwa hiyo ukingo wake uko katikati ya hadithi. Hiyo itastaki katikati, pale pale kila siku, na ukiruka mbele kwa rimoti sehemu kadhaa, mwisho unacheza bila shida. Ukiona hivyo usiitupe. Nusu yake ya pili ni nzima.

Suala la asili ya diski nalo lina usumbufu wake. Dunia ya DVD iligawanywa maeneo, Marekani ni eneo la 1, sisi Tanzania ni eneo la 5 pamoja na sehemu kubwa ya Afrika. Diski za dada zote ni za eneo la 1, tena kwa mfumo wa TV wa NTSC, wakati sisi ni PAL. Deki zangu za bei nafuu hazikuwahi kubagua, zinacheza zote. Kompyuta ndiyo inabagua. Drevu ya DVD ya kompyuta inakuruhusu kubadili eneo mara 5 tu, baada ya hapo inabaki pale ulipoishia. Sasa nina drevu mbili, moja nimeiacha eneo la 1 kwa ajili ya boksi za kutoka ng'ambo, nyingine eneo la 5, na kila moja nimeiandika kwa maka peni. Usizichanganye na usimpe mtoto achezee hayo mabadiliko.

Kwa kuokoa diski inayokwama natumia programu ya bure inayoitwa ddrescue. Uzuri wake ni kwamba haing'ang'anii palipoharibika. Inachukua kwanza yote yanayosomeka kirahisi, inaruka pabaya, halafu inarudi polepole kujaribu palipobaki, na inaweka kumbukumbu ya ilikofika, hivyo umeme ukikatika unaendelea ulipoishia. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niipende. Na kuna jambo jingine: ukimaliza na drevu moja, chukua diski ileile na kumbukumbu ileile upeleke kwenye drevu nyingine. Drevu hazifanani. Sehemu ambazo ya kwanza imeshindwa, ya pili huokota baadhi. Diski moja ya sizoni ya daktari fulani, ambayo deki tatu zilikuwa zimeikataa upande B, nimeitoa karibu yote kwa njia hiyo, imebaki kuruka kidogo kwenye sehemu moja. Faili likishakuwa kwenye eksternali, ile diski ya nje ya kuhifadhia, nalijaribu kwa VLC, programu ya kuchezea video, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Usiamini menyu. Menyu iko karibu na katikati, hucheza hata diski ikiwa imekufa.

Anza na upande ulio mbaya. Watu huanza na A kwa sababu ni A. Diski yenye gundi inayoachana haifurahii kuzungushwa kwa kasi kwenye drevu ya kompyuta, inapata joto, na kila dakika uliyoitumia upande mzima umeipunguzia upande mgonjwa. Na ukiitoa kwenye kasha, bonyeza kitufe cha katikati mpaka iachie yenyewe. Kuivuta kwa ukingo huku imebanwa katikati kunaipinda, na kuipinda ndiko kunakoachanisha vipande. Nimeona wateja wakizikunja kama chapati wakizitoa kwenye makasha yale ya plastiki ngumu, na nikawa nazitoa mimi mwenyewe kabla hawajaondoka, nawapa kwenye bahasha ya karatasi.

Muuzaji mmoja wa jumla wa Dar aliwahi kuniletea boksi zima la diski za pande mbili, sizoni, mzigo mpya bado kwenye nailoni. Nyingine hazikucheza upande B tangu siku ya kwanza. Nilipompigia alisema, "Dada, upande A si unacheza?" Kana kwamba nimenunua nusu. Aligoma kubadilisha. Nilizikodisha kwa nusu bei, upande A tu, nimeandika kwenye kava, na wapo waliokodi wakaenda kuuliza majirani mwisho wake ulikuwaje. Nalikumbuka lile jibu lake kila ninapoona mtu anauza hizi diski mtandaoni na kuandika zinacheza. Upande upi? Amejaribu mpaka dakika ya mwisho? Kwenye mtumba wa DVD mimi sasa swali langu la kwanza ni kama ni za upande mmoja. Toleo la upande mmoja la sinema ileile, hata kama boksi ni nene na bei imezidi, ndilo ninalochukua.

Wapo waliojaribu kuchanganya hata zaidi. Mwaka 2004 Marekani walianza kuuza DualDisc, upande mmoja CD ya muziki, upande wa pili DVD. Zina unene wa kama milimita 1.5, zimezidi kipimo, na upande wa CD haukufuata viwango kamili vya CD kwa sababu tabaka lake la plastiki lilibidi liwe jembamba. Nilipata chache kutoka kwa dada. Kwenye redio ya gari ya shemeji, ile ya kuingiza diski kwa tundu, sikuthubutu kuiweka. Kwenye deki ya nyumbani upande wa muziki ulicheza siku moja na kukataa siku nyingine.

Kwa sasa boksi la baba limebaki na ile ya nne upande B. Nimeipitisha kwenye drevu zote mbili. Kumbukumbu ya ddrescue inaonyesha mwanzo wote umepatikana, yaani stesheni na ile safari ya kwanza, lakini robo ya mwisho ina mashimo mengi, na treni za huku kwetu nyingi ziko huko. Baba ameshaitazama ile iliyopatikana. Mwaka juzi alikwenda Dar na treni hii mpya ya umeme iliyoanza kubeba abiria mpaka Dodoma Julai 2024, akarudi ameifurahia sana, lakini ninachomsikia akiuliza ni kama ile nyingine imeshakubali.

Fundi wangu wa karibu na soko la Majengo ana deki nzito ya zamani, ya wakati deki zilipokuwa zinauzwa bei ya ng'ombe, na anasema lenzi yake ameilinda, anaitumia kujaribia tu. Ameniambia nimpelekee Jumamosi mchana akiwa na nafasi, tuiunganishe kwenye kompyuta inayorekodi kutoka kwenye nyaya za picha na sauti, ili hata ikiganda tuwe tumenasa iliyopita. Nitaipeleka kwenye bahasha ya karatasi, imesimama, sitaiacha kwenye pochi. Kama kuna msomaji mwenye boksi hilo la treni, la kwangu ni la diski sita na jalada la bluu, aangalie ya nne upande B kama inacheza mpaka mwisho, aniandikie hapa chini. Nitagharamia kuiazima na kuirudisha, iwe Singida, Kondoa au Mpwapwa.